Bloku ya parafini au mrija wa damu: uchague nini unapotafiti maikroRNA za saratani Nairobi

Wanafunzi wengi wa uzamili wanaotafiti saratani hapa Nairobi hufika maabara wakiwa na pendekezo ambalo msimamizi amekwisha kulipitisha. Ndani yake imeandikwa kwamba watapima viwango vya maikroRNA kwa wagonjwa na kuvilinganisha na vya watu wenye afya. Haisemwi zitapimwa ndani ya nini, wala kwa njia gani. Hapo ndipo miezi huanza kupotea, kwa sababu maamuzi hayo mawili ndiyo yanayoamua kama utafiti utatoa jibu au utatoa takwimu tu.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Mwenye miaka miwili na fedha za kubana aanze na bloku za parafini (nyama ya mgonjwa iliyohifadhiwa kwenye nta), apime maikroRNA chache kwa qPCR, yaani mashine inayonakili kipande kilichochaguliwa mzunguko baada ya mzunguko ili kukipima, na awe na swali moja lenye makali. Damu ina nafasi yake, na usomaji wa mfuatano, yaani kusoma RNA zote zilizomo kwenye sampuli, una nafasi yake pia, lakini vyote viwili vinadai maandalizi ambayo mara nyingi hayamo kwenye bajeti wala kwenye ratiba.

Tunapima nini hasa

MaikroRNA ni kipande kifupi cha RNA, herufi (nyukleotidi) 22 hivi, kisichotengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kuzuia. Jeni yake hunakiliwa ndani ya kiini cha seli kama uzi mrefu wenye mkunjo. Kimeng'enya kiitwacho Drosha huukata, mkunjo hutolewa nje ya kiini, kisha Dicer huukata mara ya pili. Uzi mmoja hubaki na kushikwa na protini ya Argonaute. Kwa kutumia herufi ya 2 hadi ya 8, uzi huo hutafuta RNA mjumbe, yaani nakala za jeni zenye maagizo ya kutengeneza protini, zinazolingana nao, na zikipatikana, huvunjwa au huzuiwa zisitoe protini. Kwa kuwa herufi zinazotakiwa kulingana ni chache, maikroRNA moja inaweza kugusa mamia ya jeni.

Ya kwanza iligunduliwa mwaka wa 1993 kwenye mnyoo mdogo wa C. elegans, kazi iliyowapa Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2024. Uhusiano na saratani ulijitokeza mwaka wa 2002, pale George Calin, Carlo Croce na wenzao walipochunguza kipande cha kromosomu ya 13 ambacho hukosekana kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa leukemia sugu ya limfosaiti, aina ya saratani ya damu. Watu walikuwa wameitafuta jeni ya protini pale kwa miaka bila mafanikio. Kumbe waliokuwapo ni miR-15a na miR-16-1. Mwaka wa 2005 ikaonekana kwamba mbili hizi huizuia BCL2, protini inayoziepusha seli na kifo. Zikikosekana, seli iliyopaswa kufa inaendelea kuishi.

Mwaka huohuo wa 2005 ulifungua pande zote mbili za jambo hili. Upande mmoja, let-7 ilionekana kuzizuia jeni za RAS, ambazo zikizidi nguvu huisukuma seli igawanyike. Upande wa pili, kundi la miR-17-92 liliharakisha limfoma kwenye panya likishirikiana na jeni ya MYC. Kwa hiyo kuna maikroRNA zinazoizuia saratani, na saratani huzipoteza. Nyingine zinaisaidia, na saratani huzizidisha: miR-21, inayozizima PTEN na PDCD4, jeni zinazoizuia saratani, na miR-155, ambayo katika panya ilitosha kuanzisha ugonjwa wa seli B, aina ya seli za kinga.

Mgawanyo huo unapendeza kwenye slaidi za semina, lakini usiutegemee kupita kiasi. Kwa miaka mingi miR-143 na miR-145 ziliandikwa kuwa vizuizi vya saratani ya utumbo mpana, kwa kuwa kila aliyepima uvimbe alizikuta zimepungua. Mwaka wa 2014 utafiti ulionyesha kwamba seli za utando wa utumbo, ambamo saratani hii huanzia, hazina maikroRNA hizo kwa kiwango cha maana hata zikiwa na afya. Zinakaa kwenye misuli laini na seli nyingine za kushikilia tishu. Uvimbe una misuli michache kuliko utumbo wa kawaida, basi kipimo kikashuka. Hakuna seli iliyokuwa imepoteza chochote. Ni kama kusaga githeri kisha kuuliza ladha ya chumvi imetoka kwenye mahindi au kwenye maharagwe.

Mfano huu ndio ninaowapa wanafunzi wote, kwa kuwa unagusa kila uchaguzi unaofuata.

Bloku dhidi ya damu

Bloku ya parafini ni ile nyama ya biopsi au ya upasuaji iliyowekwa kwenye fomalini, ikakaushwa maji, ikazamishwa kwenye nta. Idara za patholojia za hospitali kubwa za Nairobi hutunza bloku za miaka mingi, na kila bloku ina jina la ugonjwa ambalo daktari alikwisha kulithibitisha kwa darubini. Faida yake ya kwanza ni hiyo: unajua unachokipima ni saratani, na unajua ni ya aina gani.

Faida ya pili ni kwamba maikroRNA huvumilia fomalini. RNA mjumbe, yenye maelfu ya herufi, hukatikakatika ndani ya bloku, hasa pale sampuli ilipokaa kwenye fomalini wikendi nzima au fomalini yenyewe haikuwa na bafa. Kipande cha herufi 22 kinachokingwa na Argonaute hakina mengi ya kukatwa. Bloku ya miaka kadhaa ambayo haiwezi tena kukupa RNA mjumbe nzima bado inaweza kukupa maikroRNA zinazopimika.

Faida ya tatu haiandikwi sana kwenye vitabu, lakini kwetu ni kubwa: bloku hukaa kabatini. Stima ikikatika usiku kucha, haijui. Plazima, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, iliyo kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri inategemea jenereta iwake, mafuta yawepo, na mlinzi ajue nani wa kupigiwa simu.

Udhaifu wa bloku ni ule wa githeri. Ukikata vipande na kuyeyusha vyote, unapima seli za saratani, seli za kinga, mishipa na misuli kwa pamoja. Dawa yake ipo, nayo haina gharama kubwa. Mwombe mwanapatholojia aitazame slaidi ya bloku hiyo iliyotiwa rangi ya kawaida na azungushie kwa kalamu eneo lenye uvimbe, kisha akadirie asilimia ya seli za saratani. Kata vipande vya maikromita 10, vitupe vya kwanza vilivyokuwa vikipigwa na hewa, na ukwangue lile eneo lililozungushiwa peke yake. Badilisha wembe kabla ya bloku inayofuata. Nimeona matokeo ya ajabu yakipotea kabisa baada ya mtu kurudia kazi kwa kuzingatia mambo haya madogo.

Kuna jambo la haki pia. Biopsi ya umio inayotolewa kwa endoskopi ni kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na saratani ya umio ni miongoni mwa zinazotusumbua sana nchini, hasa upande wa Bonde la Ufa. Ukiikata bloku hiyo mpaka iishe, mgonjwa akihitaji kipimo kingine kesho hakuna cha kupima. Mwanapatholojia akikukatalia, anamlinda mgonjwa, na yuko sahihi.

Sasa damu. Mvuto wake unaeleweka. Mwaka wa 2008 ilionyeshwa kwamba maikroRNA hukaa salama ndani ya plazima, na kwamba miR-141 ilikuwa juu kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa. Hakuna kisu, sindano moja inatosha, na unaweza kurudia kila mwezi kufuatilia matibabu. Kwa swali la kumfuatilia mgonjwa kwa muda, bloku haiwezi kushindana na damu hata kidogo.

Tatizo ni kwamba damu yenyewe imejaa maikroRNA. Mwaka wa 2012 watafiti walizichukua maikroRNA 79 zilizokuwa zimetangazwa na wengine kuwa ni alama za saratani ndani ya damu, wakakuta 46 kati yake ziko kwa wingi ndani ya seli za damu. Chembe nyekundu zimesheheni miR-16, miR-451a na miR-486-5p. Zikipasuka wakati wa kuchota damu kwa sindano nyembamba, au mrija ukitikiswa kwenye bodaboda kutoka kliniki hadi maabara, viwango hupanda. Wagonjwa wenye mishipa iliyochoka na dawa za kemo huchotwa damu kwa shida zaidi kuliko wanafunzi wenzako waliojitolea kuwa kundi la afya. Unaishia kulinganisha ugumu wa kuchota damu, huku ukidhani unalinganisha saratani.

Kwa hiyo anayechagua damu ajifunge masharti tangu siku ya kwanza. Mrija uwe wa EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, wenye kifuniko cha zambarau. Wa kijani una heparini, na heparini huizuia PCR isifanye kazi. Plazima itenganishwe ndani ya saa 2, izungushwe mara mbili kwenye sentrifyuji, mara ya pili kwa kasi kubwa ili chembe sahani zitoke. Tofauti ya namba ya mzunguko wa qPCR ambapo miR-23a-3p na miR-451a huonekana ipimwe kwa kila sampuli. Ikizidi 7, shuku kwamba chembe nyekundu zimepasuka, na sampuli hiyo iondolewe hata kama ni ya mgonjwa uliyemngoja kwa wiki. Usichanganye seramu (maji ya damu iliyokwisha kuganda) na plazima katika utafiti mmoja, kwa sababu damu inapoganda chembe sahani humwaga zilichobeba.

Na usiamini kipimo cha mwanga kwa RNA ya plazima. Mikrolita 200 za plazima hutoa RNA kidogo mno, na namba unayoiona kwenye kioo mara nyingi ni mabaki ya kemikali za kusafishia. Tumia ujazo sawa kwa kila sampuli, uongeze cel-miR-39, maikroRNA ya mnyoo isiyokuwapo kwa binadamu, ili ujue umepoteza kiasi gani njiani. Iongeze baada ya plazima kuchanganywa na kemikali ya kuvunjia seli. Ukiitia mapema, vimeng'enya vya damu huila kabla hujafunga kifuniko.

Ipo saratani moja ambapo damu imeshinda waziwazi, nayo inafundisha kwa nini nyingine zinashindwa. Ni uvimbe wa seli za uzazi kwenye korodani. MiR-371a-3p ndani ya seramu iliutambua kwa usikivu (wagonjwa iliowakamata) wa asilimia 90 na umahususi (wasio wagonjwa iliowaacha) wa asilimia 94 katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2019. Sababu ni kwamba maikroRNA hiyo karibu haipo kabisa kwenye tishu za mtu mzima mwenye afya, kwa hiyo ikionekana kwenye damu ina mahali pamoja tu pa kutoka. Hata hivyo teratoma, aina moja ya uvimbe huo, haitoi maikroRNA hii, na kipimo huikosa. Sasa ilinganishe na miR-21, ambayo hupanda kwenye karibu kila uvimbe mgumu, kwenye kidonda kinachopona, kwenye uvimbe wa maambukizi, hata kwenye moyo unaopata makovu. Kuikuta juu kwenye damu ya mgonjwa hakukuambii yuko na nini.

qPCR, mikroarei au usomaji wa mfuatano

Mikroarei, chipu yenye vipande vingi vya kunasa RNA kwa mkupuo, niipite haraka. Ilifanya kazi kubwa: mwaka wa 2005 timu ya Todd Golub ilionyesha kwamba maikroRNA 217 zinaweza kuzipanga saratani kwa asili yake vizuri kuliko RNA mjumbe nyingi zaidi, na walitumia mbinu ya jamii hiyohiyo ya kunasa RNA kwa vipande vinavyolingana nayo. Lakini let-7a na let-7c zinatofautiana kwa herufi moja tu, na kunasa huko mara nyingi hakuwezi kuzitenganisha. Kwa utafiti unaoanza leo sioni sababu ya kuichagua, isipokuwa tayari una chipu kabatini.

Ushindani wa kweli ni kati ya qPCR na usomaji wa mfuatano.

qPCR hupima unachokijua. Unachagua maikroRNA nne au tano, unanunua praima zake (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili), na mashine iko karibu kila taasisi ya utafiti jijini, nyingi zikiwa zimeongezwa wakati wa Uviko. Kwa kuwa kipande ni kifupi kuliko nafasi ya praima mbili za kawaida, kuna hila mbili. Moja ni praima yenye mkunjo, mahususi kwa kila maikroRNA, ambayo hutofautisha vizuri jamaa za familia moja. Nyingine huongeza mkia wa herufi A kwa RNA zote, kisha unatengeneza cDNA (nakala ya DNA ya RNA hizo) moja inayotumika kwa maikroRNA zozote. Mwenye sampuli kidogo na orodha ndefu achukue ya mkia. Mwenye let-7 kwenye orodha yake achukue ya mkunjo.

Kinachoua tasnifu nyingi za qPCR ni kidhibiti cha ndani, yaani RNA isiyotakiwa kubadilika ambayo nyingine hulinganishwa nayo. Watu huchukua U6, RNA ndogo ya kiini cha seli, kwa mazoea, ilhali U6 hubadilika kati ya tishu ya saratani na ya kawaida, na ndani ya plazima haitabiriki. Wengine huchukua miR-16, ambayo tumeona inavyomwagika kutoka kwenye chembe nyekundu, na ambayo yenyewe hukosekana kwenye leukemia niliyoitaja juu. Jaribu vidhibiti vinne au vitano kwenye sehemu ya sampuli zako, uvipitishe kwenye programu kama geNorm au NormFinder, kisha utumie viwili vilivyotulia zaidi.

Usomaji wa mfuatano huleta vyote: maikroRNA zinazojulikana, zile zilizokatwa pungufu au zaidi kwa herufi moja, hata mpya. Kwa mtu asiyejua aanzie wapi, hilo ni jambo kubwa. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kule Kabete wana mashine za kazi hii, kwa hiyo si lazima sampuli zisafiri nje. Uangalie tu aina ya mashine. Zile ndogo za nanopore hazifai kwa vipande vya herufi 22; unahitaji zinazosoma vipande vifupi kwa wingi. Uzito wake uko baadaye, kwenye kompyuta. Ukiwa na wagonjwa 20 na maikroRNA mamia, chache zitaonekana tofauti kwa bahati tu, na usiporekebisha takwimu utaandika sura nzima juu ya bahati hiyo. Tena, hata orodha yenyewe inabishaniwa: toleo la 22 la miRBase, hazina ya maikroRNA, linataja maikroRNA komavu 2,654 za binadamu, wakati hazina ya MirGeneDB, yenye masharti makali, inakubali chini ya nusu yake. Ukitangaza tofauti ya maikroRNA ambayo huenda ni vumbi la RNA nyingine, mkaguzi makini atakurudisha.

Kwa hiyo mwanafunzi wa uzamivu mwenye miaka minne anaweza kusoma mfuatano wa kundi dogo, achague maikroRNA chache, kisha azithibitishe kwa qPCR kwenye kundi jingine kabisa la wagonjwa. Mwanafunzi wa uzamili atoe chache zake kutoka kwenye machapisho, aende moja kwa moja kwenye qPCR.

Na ikiwa swali lako ni seli gani inayobeba maikroRNA, yote mawili hayakusaidii. Hapo ni kutia rangi kwenye slaidi yenyewe kwa kipande cha LNA (DNA iliyorekebishwa ili ishike kwa nguvu) kinachoishika maikroRNA pale ilipo. Ni kazi ya polepole na ya mkono wenye uzoefu, ila ndiyo ambayo ingewaokoa watu wa miR-143 muongo mzima mapema.

Ningeelekeza wapi

Kama ningeulizwa na mwanafunzi asiye na mada, ningemwambia aache miR-21 kwenye saratani ya matiti, maana imepimwa kila pembe ya dunia, aende kwenye saratani zinazoletwa na virusi. Mwaka wa 2004 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa kuwa na maikroRNA zake chenyewe, cha kwanza kujulikana hivyo. Kirusi cha sarkoma ya Kaposi nacho kina zake, na mojawapo, miR-K12-11, ina mwanzo uleule wa herufi kama miR-155 ya binadamu, hivyo huzizima jeni zilezile. Limfoma ya Burkitt, sarkoma ya Kaposi na saratani ya koromeo la juu tunazo hapa, na bloku zake ziko kabatini. Faida ya kiufundi ni kama ile ya korodani: maikroRNA ya kirusi haitoki kwenye chembe nyekundu wala kwenye misuli. Ukiipata, unajua imetoka wapi. Hata damu, niliyoionya kwa maneno mengi, hapa inakuwa chaguo linaloweza kutetewa.

Wanaotaka kufika kwenye dawa moja kwa moja wajue tu kwamba MRX34, nakala ya miR-34a iliyokuwa ya kwanza ya aina yake kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, ilisimamishwa mwaka wa 2016 baada ya madhara makubwa ya kinga ya mwili. Tasnifu ya uzamili si mahali pa kuahidi tiba.

Ombi la maadili liandikwe kwa upana tangu mwanzo. Kamati ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta (KNH) na Chuo Kikuu cha Nairobi, kama kamati nyingine, itataka kujua sampuli zitabaki wapi na zitatumika kwa nini baadaye, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, inafuata kibali hicho. Ukiomba bloku peke yake, kisha mwaka wa pili ukagundua unahitaji damu ya wagonjwa walewale, utaanza foleni upya na wengine watakuwa wamekwisha kuanza kemo. Omba ruhusa ya vyote viwili, chukua mrija mmoja wa zambarau siku ya biopsi kabla ya matibabu, tenganisha plazima na uigawe kwenye vichupa vidogo ili usiyeyushe chote kila mara. Kisha uipime bloku kwanza.